Kwa Urefu wa Jani

Kitambaa cha mwale hakiwezi kuzidi urefu wa jani. Hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza, na hakuna binadamu aliyeitunga. Mfumi huchagua chipukizi la mti wa mwale ambalo bado halijachanua, hulipasua, hubandua ngozi laini ya juu ya kila ukuti, huianika, kisha huichana hadi zitoke nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo hazisokotwi. Hufungwa kwenye kitanda cha kufumia kama zilivyo, ncha kwa ncha, na uzi unapoishia ndipo kitambaa nacho huishia, mara nyingi kikiwa hakifiki mita moja. Anayetaka nguo ya kujifunga kiunoni lazima aunganishe vipande, na vipande vingi hutoka katika mikono ya watu wengi. Nguo ya mwale, tangu mwanzo wake, haikuwa kazi ya mtu mmoja.

Katika sehemu kubwa ya Kongo, kuanzia pwani ya Loango hadi kwa Wakuba, Wasongye na sisi wa Maniema, kufuma mwale kulikuwa kazi ya wanaume. Mtande huinama kidogo kumwelekea mfumi, marufaa ni moja tu, na mshindio huingizwa uzi mmoja mmoja. Kitambaa kikitoka hapo ni kikavu na kigumu, hakivaliki. Hulowekwa, hukandwa, hutwangwa kinuni hadi kilegee. Rangi nyekundu hutoka katika unga wa mti wa nkula. Kwa Wakuba wa Kasai, mwanamume akishamaliza kufuma, mwanamke hushika sindano: hupitisha uzi chini ya nyuzi za kitambaa bila kupiga fundo, hukata ncha zote mbili kwa kisu kidogo, na uzi hukaa hapo kwa kubanwa tu na mfumo wenyewe. Kipande kimoja cha namna hiyo kinaweza kumchukua miezi. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alivikusanya vitambaa hivi akavitundika ukutani mwa chumba alichochorea, na sishangai. Ukivitazama kwa muda, mistari yake huanza njia moja kisha hubadili mawazo katikati, na jicho linalazimika kuifuata.

Kazi kama hii haifundishwi kwa saa mbili jioni. Kijana aliyekuwa akijifunza aliishi karibu na mjomba au baba aliyefuma. Alimwona anavyochagua jani asubuhi, anavyolalamika uzi unapokatika, anavyoacha kazi jua linapokuwa kali na nyuzi kukauka mno. Hakuandikishwa popote. Alikaa tu, na katika kule kukaa mkono wake ukaujua uzi kabla kichwa hakijaweza kueleza. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu nilipoalikwa kukaa na wanawake wanaojifunza kushona katika nyumba ya zamani ya misheni huku Tunda, magharibi mwa Kibombo, ambako wanafunzi hulala, hula na hufanya kazi chini ya paa moja mpaka mafunzo yaishe. Nilikwenda nikidhani nitaandika juu ya vyerehani. Nikajikuta ninawaza juu ya nyumba, na juu ya nani amewahi kuruhusiwa kushika uzi katika nchi hii.

Maana Maniema ina historia ndefu ya nguo, na sehemu kubwa ya historia hiyo inauma.

David Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia, hata akaandika kumbukumbu zake juu ya gazeti kuukuu, kwa wino alioukamua kutoka matunda ya porini. Alilipenda soko la Nyangwe. Aliwatazama wanawake waliokuja kwa maelfu na samaki, vyungu, mihogo na mafuta ya mawese, na vitambaa vya mwale vilikuwamo katika biashara ya nchi hii wakati huo. Kwa majirani zetu Wasongye vipande vya namna hiyo vilikuwa fedha hasa. Huko pwani ya magharibi, Wareno waliwahi kuvitumia kulipia gharama zao Luanda. Fedha iliyofumwa na mikono ya mtu unayemjua, na ambayo ungeweza kuivaa! Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani ya mashariki walifyatua bunduki katikati ya soko lile. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kuwa waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni walikuwa kati ya 330 na 400. Wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza vitu.

Baada ya hapo vitambaa vya merikani na kaniki vilizidi kuingia mabegani mwa wapagazi kutoka Zanzibar. Merikani iliitwa hivyo kwa kuwa ilifumwa Marekani, nyingi yake ikiletwa na merikebu za Salem, Massachusetts. Enzi ya mfanyabiashara Tippu Tip huko Kasongo, kuvaa kanzu nyeupe kulimtenganisha mngwana na mshenzi, na kijana wa Kikusu au wa Kitetela aliyetaka kuhesabiwa mtu alijua afanye nini. Mwale ukawa nguo ya nyuma ya nyumba, kisha nguo ya mazishi, kisha nguo ya kuhadithiwa.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa bado linakuja, na ajabu yake ni kwamba lilikuja kwa jina la uzi. Mwaka 1917 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilianzisha kilimo cha lazima, na pamba ndiyo iliyokuwa kiini chake. Mikoa miwili ilitangulia: Uele kule kaskazini, na Maniema. Mkurugenzi wa kilimo, Edmond Leplae, aliamini kwamba Mkongomani angefunzwa kazi kwa kulazimishwa. Kila kaya ilipewa mbegu na ukubwa wa shamba la kulima. Sheria iliruhusu kudai siku 60 za kazi hiyo kwa mwaka. Mwaka 1920 ikaundwa Cotonco, kampuni iliyonunua pamba hiyo kwa bei iliyopangwa juu ya kichwa cha mkulima. Aliyekataa alikutana na gereza, au na mjeledi wa ngozi ya kiboko. Pamba ilipanda gari la moshi, kwa kuwa njia ya reli kati ya Kindu na Kongolo ilikuwa imekwisha kupita Kibombo, ikaenda zake kuwa nguo mahali pengine. Kisha ikarudi dukani, ikiwa na bei.

Sijui kama kuna dhuluma ya uzi iliyo wazi kuliko hii. Watu waliokuwa na nguo iliyoota kinamasini, ambayo haikuhitaji mbegu ya serikali wala mizani ya kampuni, walilazimishwa kulima nyuzi ambazo hawakuruhusiwa kuzifuma. Mikono iliyokuwa ikichana mwale ikapelekwa shambani, na siku ambazo kijana angekaa karibu na mjomba wake zikahesabiwa katika daftari la msimamizi. Tukiambiwa leo kwamba ufumaji wa mwale ulikufa wenyewe kwa sababu kikwembe ni laini na kina rangi, tukumbuke zile siku 60. Ufundi hufa unaponyimwa muda, hata kama mali yake bado inaota mtoni.

Wamisionari nao walikuja kwa njia ambayo nguo zilikuwa zimekwisha kuipita. Mwaka 1892 William Sheppard, Mpresbiteri Mweusi wa Marekani, aliingia mji mkuu wa Wakuba, akakusanya vitambaa vya mwale ambavyo baadaye vilifika Hampton, Virginia, na bado vimehifadhiwa huko. Kituo chake kilikuwa Luebo. Kutoka Luebo hiyo hiyo, askofu Walter Russell Lambuth na profesa John Wesley Gilbert, aliyezaliwa Georgia wakati wa utumwa na baadaye akasoma Kigiriki mpaka Athens, walitembea kwa miguu hadi kwa chifu Wembo Nyama mwanzoni mwa 1912. Misheni ya Wamethodisti ikafunguliwa kwa Wembo Nyama mwaka 1914, na Tunda ikafuata mwaka 1922. Hospitali ya Tunda mpaka leo ndiyo inayowajia akilini wengi wanaposikia jina la mahali hapa.

Pamoja na kanisa, shule na hospitali, misheni nyingi za Kongo zilikuwa na makao ya wasichana, na katika makao hayo sindano ilikuwa somo kubwa sawa na kusoma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali nayo ilieneza mijini nyumba zilizoitwa foyer social. Wake za makarani na mafundi walifundishwa humo kushona, kutia viraka, kufuma sweta, kupiga pasi na kulea watoto kwa namna iliyopendwa na wakubwa; walimu wao walifika hadi nyumbani kukagua, na mashindano ya nyumba iliyotunzwa vizuri yalifanywa. Hapo jambo zito lilitokea kimya kimya. Uzi ulihama kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke, kutoka kinamasini kwenda dukani, kutoka barazani kwa mjomba kwenda ndani ya nyumba iliyojengwa na mgeni.

Najua ni rahisi kuikasirikia nyumba ile. Mimi mwenyewe ninapoukumbuka ule ukaguzi wa nyumba za watu, damu huchemka. Lakini nimekaa ndani ya nyumba ya namna hiyo pamoja na wanawake wa leo, na lazima niseme nilichokiona.

Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye baraza pana na dari ya juu inayofukuza joto la mchana. Waliokuja kujifunza walitoka Kibombo na vijiji vya njiani, wengine nyuma ya pikipiki, wengine kwa baiskeli za wabeba mizigo ya mawese. Kila mmoja alibeba mkeka, sufuria, na mchele au unga kadiri ya uwezo wake. Mtoto wa kunyonya hakuzuiwa mlangoni. Asubuhi walisali kwa Kitetela na kwa Kiswahili, wakafagia, wakaketi. Vyerehani vilikuwa vichache kuliko watu, kwa hiyo daima kulikuwa na mtu anayeshona na wengine wanaotazama, na nikaja kuelewa kwamba upungufu ule ulikuwa na faida yake. Anayesubiri zamu hujifunza kwa macho. Huona mwenzake anavyobana kikwembe kati ya vidole viwili kabla sindano haijashuka, na zamu yake ikifika, vidole vyake tayari vinajua.

Jioni ndiyo ilinifundisha zaidi. Baada ya sombe na ugali, mwalimu akiwa amekwenda kupumzika, wanawake walirudi barazani na vitambaa vyao. Hakuna aliyewalazimisha. Walipinda kwa mkono, walifumua mishono iliyokwenda upande, walibadilishana vipande vya vikwembe vilivyobaki ili kila mmoja apate rangi alizozikosa. Na walizungumza. Walizungumza habari za bei ya chumvi, za mabinti walioolewa mapema mno, za miaka ya vita, ambayo huku watu huitaja kwa kunyoosha mkono tu kuelekea njia walikotokea wenye silaha. Mama mmoja wa makamo aliniambia, akiendelea kushona, "Mama, nyumbani sijapata kukaa na sindano hata muda wa maji kuchemka. Kila nikiishika, mtu ananiita."

Maneno yale yamebaki nami kuliko yote niliyoyaandika kule. Nyumbani kwake hakukosa akili wala mkono. Alikosa siku ambayo ni yake. Mwanamke wa Maniema huamka na jembe, hurudi na kuni, hulala na mtoto. Akisema anakwenda kujifunza saa tatu kwa siku, zile saa tatu zitaliwa na kila mtu kabla hazijamfikia. Akisema anakwenda kukaa Tunda, kijiji kinaelewa. Safari ina heshima. Mume atapika au atamwomba dada yake apike, shamba litamsubiri au litapaliliwa na jirani. Kuta za matofali na barabara ndefu humpa kile ambacho hakuna mtu angempa kwa ombi la mdomo. Ndiyo maana siamini kwamba nyumba za kulala zilizopo kwa ajili ya ufundi ni anasa, kama wanavyosema baadhi ya wafadhili wanaopenda mafunzo mafupi yenye majina mengi kwenye orodha.

Bukavu wamelijua hili kwa njia ya uchungu zaidi. Pamoja na hospitali ya Panzi, ambayo daktari wake Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, ipo Maison Dorcas, ambako wanawake waliotoka matibabuni huishi kwa muda na hujifunza kushona na ususi. Jeraha limefungwa, lakini mwanamke hawezi kurudi siku hiyo hiyo mahali lilipotokea. Anahitaji kukaa kati ya wenzake, mikono ikiwa na kazi, mdomo ukiwa huru kusema au kunyamaza. Mikono inapofuata mshono, mtu hahitaji kutazamana macho na anayemsikiliza. Nililiona hilo hata barazani Tunda, ambako hakuna aliyekuja kama mgonjwa.

Hata hivyo, kadiri nilivyoipenda ile nyumba ndivyo nilivyozidi kuona kinachokosekana ndani yake. Vitambaa vyote vilivyokuwa mezani vilitoka mbali: vikwembe vilivyochapwa ng'ambo, uzi wa duka, zipu za Guangzhou. Katika mkoa ambao baba zetu walikuwa na nguo ya jani, hapakuwa na jani hata moja. Nyumba iliyouhamisha uzi kutoka kwa mfumi ilikuwa bado haijamwalika mfumi aingie.

Siku moja alikuja. Mzee wa kijiji cha jirani, ambaye kijana wa hospitali alimkumbuka kuwa aliwahi kufuma, aliombwa aje aonyeshe. Aliketi barazani, akafungua fungu la nyuzi alilolihifadhi kwa miaka, akazilowesha kidogo kwa maji ili zisikatike, akaanza. Vyerehani vilisimama. Wanawake waliokuwa wameshona mchana kutwa walikusanyika kumzunguka, na nilishangaa jinsi maswali yao yalivyokuwa ya kifundi. Waliuliza jinsi anavyojua mtande umekazwa vya kutosha. Waliuliza kwa nini ukingo wake haufumuki ilhali wao hulazimika kuupinda. Mtu ambaye hajawahi kushika uzi asingeyajua maswali hayo. Somo la misheni lilikuwa limewaandaa kumwelewa mfumi wa kale kuliko mimi niliyesoma vitabu.

Kisha binti mmoja, mdogo kuliko wote, akaomba kuketi mahali pake.

"Mwanangu," mzee akasema, "kwetu mwanamke hafumi. Anatwanga kitambaa, anakivaa, hakifumi."

Palitokea kimya, nacho hakikudumu. Mama yule wa sindano na maji ya kuchemka akajibu kwa adabu, mkono ukiwa kifuani. "Baba, tunakuheshimu. Lakini kwetu pia masini ya kushonea ilikuja kwa wanawake wa misheni, na leo nenda soko la Kindu uhesabu wanaume walioketi nyuma yake. Hatukuwafukuza."

Mzee alicheka, na wote wakacheka naye. Wanawe wako machimboni na kwenye pikipiki, alisema. Hakuna aliyetaka kukaa. Hakutaja miiko tena. Alichotaja ni kinamasi. Mwale unapungua karibu na vijiji kwa sababu wagema wa pombe hukata moyo wa mti na mti hufa, ilhali mfumi huchukua chipukizi moja na kuuacha mti ukue. Anayetaka kujifunza, akasema, hataanza na kitanda cha kufumia. Atatangulia naye mtoni, atajua jani lipi linachukuliwa na lipi linaachwa, atalibeba, ataliandaa. Akiweza hayo, mwanamke au mwanamume, atamfundisha mtande.

Kwa maoni yangu hilo ndilo sharti la haki kuliko yote yaliyowahi kuwekewa wenye uzi wa Maniema tangu 1917, na ningependa wasimamizi wa nyumba ile walichukue kwa uzito: watenge msimu mmoja wa mafunzo uanzie kinamasini, wampe mzee chumba na chakula kama mwalimu yeyote, na wazungumze na wagema kabla miti haijaisha. Gharama yake si kubwa, kwa maana jani halinunuliwi. Binti yule hakungoja wasimamizi. Alikuwa ameshamuuliza mzee njia ya kwenda mtoni ni ipi, na kama mvua ya wiki ile ingewazuia.